Waridi la Nyuma ya Jiko

Kurasa nyingine za kijitabu hiki zinaeleza habari za hisa, mikopo na migao tangu Machi 2015, tulipoketi kwa mara ya kwanza chini ya mwembe tukiwa kina mama 22 na sanduku moja la kufuli tatu. Ukurasa huu tumeuomba kwa ajili ya ua. Wapo watakaosema, jamani, kikundi cha fedha na maua wapi na wapi? Hata sisi wenyewe tuliulizana hivyo, tena kwa sauti ya juu, kama utakavyoona mbele. Lakini katika daftari la mweka hazina kuna mistari mingi iliyoandikwa "kitalu", na yote inatokana na ua hilo moja. Bibi aliyetuachia hayupo tena. Tumeona afadhali historia yake iandikwe wakati sisi tulioishuhudia bado tupo.

Wenyeji wa huku Bondeni hulijua kwa jina la "waridi la Mjerumani". Usifikirie yale mawaridi marefu ya dukani yanayofungwa kwa karatasi siku ya harusi. Hili halisimami. Matawi yake huinuka kidogo hadi kwenye goti, kisha huinama na kulala, na mche mmoja ulioshiba hufunika ardhi kama mita moja kila upande. Majani ni madogo, yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya mawese. Maua yake ni ya pinki mpauko, nayo ni madogo, hayazidi kizibo cha soda, ila huja kwa vichala vikubwa, na kichala kimoja kikichoka kingine kinakuwa kimeshachipua. Harufu yake ni hafifu mno. Miiba anayo ya kutosha, mbuzi wanamjua.

Mwenye waridi hilo alikuwa bibi mmoja, mwanachama wetu wa tangu mwanzo, ambaye wote tulimwita Bibi tu. Aliletwa kwenye mji ule akiwa mwali, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili. Waridi alilikuta. Mama mkwe wake ndiye aliyelileta kutoka huko juu milimani, alikokuwa akifua nguo katika nyumba ya mmisionari kabla ya vita, na alikuja nalo likiwa kitawi kimoja kilichofungwa ndani ya kitambaa kibichi.

Hapa inafaa vijana waelezwe jambo. Mila yetu ya Kinyakyusa ilimkataza mkwe wa kike asionane kabisa na baba mkwe. Akimsikia anakohoa anajificha. Akimwona njiani anaacha njia, anaingia migombani. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliokaa kwetu miaka ya 1930 wakichunguza desturi zetu, waliandika habari hizo kwa kirefu. Basi mwali katika mji wa namna ile hakuwa na uhuru wa uwanja wa mbele. Uwanja wa mbele ulifagiliwa, ukang'aa, lakini ulikuwa wa wanaume na ng'ombe. Sehemu aliyoweza kukaa bila wasiwasi ilikuwa nyuma ya jiko, na huko ndiko waridi lilikopandwa. Bibi alituambia kwamba mwaka wake wa kwanza wa ndoa, mama mkwe na lile ua ndio waliokuwa wenzake. Alisema kwa kucheka, lakini hatukuona kama ulikuwa mzaha.

Waridi la Bibi lilikuwa juu ya kilima kidogo, chenye kimo cha mtoto wa miaka sita hivi. Sisi tulidhani ni kichuguu. Kumbe lilikuwa kifusi cha nyumba ya kwanza ya mji ule, nyumba ya udongo na mianzi iliyobomoka zamani, na waridi limekitambalia chote kama blanketi. Tulikipita kilima hicho mara nyingi tukienda kunawa mikono. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini ua limepandwa juu vile, na kutojiuliza kwetu kulikuja kutugharimu.

Bibi alifariki mwaka 2017. Tulimzika vizuri, mfuko wa jamii ulitoa sehemu yake na kila mtu akaja na mchele wake. Baada ya matanga wanawe wakagawana mji, kama ilivyo haki yao. Aliyepata upande wa jiko alitaka kujenga nyumba ya tofali za kuchoma, na fundi akapima msingi moja kwa moja juu ya kile kilima. Hatumlaumu kijana. Alikuwa na tofali zilizoanza kunyeshewa, na kwake yeye kile kilikuwa kichaka chenye miiba kinachoficha nyoka.

Tulipopata habari tukamwendea watano. Ardhi haikuwa yetu, wala hatukuomba ardhi. Tulimwomba siku tatu. Yeye akatupa mbili, maana fundi alishalipwa.

Siku mbili hizo tulikata na kung'oa. Wengine walikata vipande vyenye unene wa penseli na urefu wa kiganja kimoja hivi, kila kimoja na macho matatu au manne, wakavichomeka kwenye viriba. Kumbe kazi kubwa ilikuwa imeshafanywa na waridi lenyewe. Tawi lake likigusa udongo wenye unyevu kwa muda mrefu hutoa mizizi palepale. Ukiinua shuka lile la matawi, chini yake unakuta watoto wamejishika, kila mmoja na mizizi yake, ila bado wanakula kwa mama. Unakata kamba, unamchimbua na udongo wake, basi. Tulipata 40 wa namna hiyo kabla ya siku ya pili kuisha. Siku ya tatu sururu ilianza asubuhi, na jioni pale palikuwa na shimo.

Ni lazima tuseme kwa nini hatukungoja kuokota mbegu. Mawaridi mengi ya bustani ni ya kuchanganya, na mbegu zake, ukibahatika kuzipata, hazizai mfano wa mama. Ukitaka ua lilelile huna njia ila kuchukua sehemu ya mti wenyewe. Kwa hiyo kile kitawi alichobeba mama mkwe kwenye kitambaa, lile blanketi juu ya kifusi, na ile miche 40 kwenye ndoo zetu, vyote ni mti mmoja. Kama ile miche ingekufa, mti ungekuwa umekwisha.

Basi bwana, tukakaribia kuumaliza.

Mwanachama mmoja alitupa kipande cha kujishikiza kandokando ya shamba lake la mpunga. Ardhi nyeusi, nzito, yenye rutuba. Kikao kikapitisha shilingi 84,000 kutoka mfuko wa jamii kwa ajili ya samadi, viriba, uzio wa mianzi na nauli. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kina mama wawili walisema waziwazi kwamba mfuko wa jamii ni wa msiba na ugonjwa, haukuwekwa kwa ajili ya maua, na leo tukirudi kusoma kanuni zetu tunakiri kwamba walikuwa na hoja. Kura zikapigwa, kitalu kikashinda kwa kura tatu. Tukapanda.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuwa kama masika ya Kyela yalivyo. Msomaji wa mbali ajue kwamba huku mvua kwa mwaka hupita milimita 2,000, na maeneo mengine hukaribia 3,000, na mwezi wa Aprili ndio wenyewe hasa. Maji ya Rungwe na ya Milima ya Livingstone yote yanateremkia kwetu kwa mito Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe, yanakutana na tambarare hii, na hayana haraka tena. Kwa mpunga hiyo ni neema, ndiyo maana mchele wa Kyela unaitwa kwa jina hadi Dar es Salaam. Mpunga una njia ndani ya shina zake za kupeleka hewa chini hadi mizizini, hivyo unaweza kusimama majini. Waridi hana. Mizizi yake inapumua hewa iliyo kati ya chembe za udongo, na udongo mzito ukijaa maji kwa siku kadhaa hewa hiyo inakwisha. Tulichoona sisi ni majani kugeuka njano kutoka chini, kisha kudondoka, kisha shina kuwa jeusi pale linapogusa ardhi. Tulifikiri ni njaa, tukaongeza samadi. Yaani mtu anazama, wewe unampa ugali.

Maji yalipoondoka tulihesabu miche tisa. Thelathini na mmoja ilikuwa imekufa.

Kikao cha mwezi wa Mei hatutakisimulia chote. Shilingi 84,000 zilikuwa zimekwenda na maji, na wiki ileile mwenzetu alikuwa na mtoto hospitali, akaomba msaada akapewa nusu ya alichostahili kwa sababu mfuko ulikuwa umepungua. Hilo lilituuma kuliko maua. Wale wawili waliokataa tangu mwanzo walijitoa. Mmoja alirudi mwaka 2020, mwingine tunasalimiana naye sokoni, na tunaandika hapa kwamba hakukosea kukasirika. Wanachama waliobaki tulichangishana shilingi 4,000 kila mmoja nje ya hisa zetu, mfuko ukajazwa, na ikaamuliwa kwamba waridi halitagusa tena fedha ya msiba. Hadi leo kitalu kina kadi yake peke yake.

Aliyetufumbua macho ni binti wa darasa la sita, mjukuu wa marehemu. Alikuja kutuangalia tukiwa tumeinamia ile miche tisa, akauliza, "Mbona mmeiweka chini? La bibi lilikuwa juu." Tulinyamaza wote.

Jambo lenyewe lilikuwa wazi hivyo. Mama mkwe yule wa zamani hakusoma kilimo, lakini kwa kubahatisha au kwa kujaribu alilipeleka waridi juu ya kifusi, ambako maji hayakai. Nasi tukaanza kujenga vifusi. Tuliinua matuta yenye kimo cha mtu hadi magotini, upana wa hatua mbili. Kwenye udongo wetu mzito tulichanganya mchanga wa mtoni na maganda ya mpunga, ambayo mashineni yanatupwa bure, pamoja na mboji ya maganda ya kakao. Maganda ya kakao yasiwekwe mabichi. Yanabeba ugonjwa wa kuoza, lazima yalale shimoni hadi yawe meusi na kuvunjika mkononi. Samadi nayo iwe ya zamani. Mifereji kila upande wa tuta.

Ugonjwa wa pili ni madoa meusi ya majani, ambao ni ukungu na huenezwa na matone ya maji. Waridi hili linauvumilia kuliko mengine, ila katika nchi ya mvua kama yetu linahitaji kusaidiwa: lipandwe mahali linapopata jua la asubuhi ili umande ukauke mapema, maji yamwagwe shinani na si majanini, na majani yaliyoanguka yaokotwe yachomwe. Hatutumii dawa. Kwanza ni ghali, pili kuku wanapita.

Kuongeza miche tumeacha kabisa vipande na kufuata desturi ya ua lenyewe. Mwezi wa Mei mvua ikipungua tunachagua tawi refu, tunalikwangua kidogo upande wa chini, tunalilaza kwenye kijishimo, udongo juu, jiwe juu ya udongo lisiinuke. Ncha ya tawi inabaki nje. Baada ya miezi miwili au mitatu unalivuta taratibu, likigoma, limeshika. Unakata upande wa mama, unaliacha wiki mbili lizoee kujitegemea, ndipo unahamisha. Kutoka kwa ile miche tisa tulikuwa na zaidi ya 60 mwaka 2019, na mwaka huo tuliuza ya kwanza gulioni Ipinda kwa shilingi 2,000 kila mmoja. Wanunuzi wa kwanza walikuwa watu wa makaburi. Walitaka kitu cha kufunika ardhi ili majani yasiote na mvua isimomonyoe udongo, na kisichohitaji kupaliliwa kila wiki. Baadaye wakaja wenye nyumba za wageni za Matema.

Sasa tuje kwenye jina, maana nalo limetuletea kisa.

Tulipotaka kushona sare za miaka kumi, wengi walipendekeza yaandikwe maneno "Waridi la Mjerumani, 1891". Mwaka huo si wa kubuni: ndio mwaka Wamoravian walipofika Rungwe, na Walutheri wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky walifika nchi hii mwaka huohuo. Ikaonekana kila kizuri cha kigeni kilikuja siku ile. Binti wa mwenzetu, anayesomea kilimo cha bustani huko Sokoine, Morogoro, akaomba tungoje kwanza. Alikuwa amelipiga picha waridi, akahesabu vijani, akapima maua, akalinganisha na vitabu.

Alivyotueleza, ukoo wa mawaridi yanayotambaa una mzee mmoja huko Japani na nchi jirani, waridi jeupe la pori linalolala chini, lenye majani ya kung'aa. Lilipewa jina la Max Wichura, Mjerumani aliyelikusanya akiwa na msafara wa Prussia huko Japani mwaka 1860 na 1861. Mbelgiji Crépin ndiye aliyeliandika rasmi mwaka 1886. Wamarekani walilipanda sana makaburini, nasi tulipolisikia hilo tulicheka, kwa kuwa wateja wetu wa kwanza walifanya hivyohivyo bila kuambiwa. Watunza bustani wa Ulaya na Marekani walianza kulichanganya na mawaridi mengine miaka ya 1890. Kwa hiyo mwaka 1891 Wamisionari walipokuwa wakipandisha mizigo Rungwe, watoto wake wa rangi walikuwa hawajaenea popote.

Aina inayofanana na yetu kwa majani, vichala na ulalaji inaitwa The Fairy, nayo ilitolewa Uingereza mwaka 1932. Aliyeitoa ni mwanamke, Ann Bentall. Mumewe alikuwa mtunza bustani wa mchungaji mmoja, Joseph Pemberton, bingwa wa mawaridi, na mchungaji alipofariki mwaka 1926 kazi ya kitalu ikabaki kwa akina Bentall. Mama huyo akaendelea kuchanganya maua, na katika yote aliyotoa, lile fupi lisilo na harufu ndilo lililozunguka dunia.

Kikao kiligawanyika. Wengine walisema basi ni la Mwingereza, kwani Waingereza waliuteka mji wa Tukuyu mwaka 1916 na nchi ilikuwa mikononi mwao. Bibi alikosea. Wengine wakasema Bibi hakuwa mtu wa kusema ovyo. Tukatulia, tukapanga miaka vizuri ubaoni kama watoto wa shule. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa wakati wa vita ya kwanza, lakini katikati ya miaka ya 1920 waliruhusiwa kurudi kwenye vituo vyao, na walikuwapo hadi vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, Wajerumani wa Tanganyika wakakamatwa na kuwekwa kizuizini. Mama mkwe wa Bibi alifua nguo "kabla ya vita". Ipo nafasi ya miaka saba kati ya 1932 na 1939, ambapo waridi la mama wa Kiingereza lingeweza kukua katika bustani ya Mjerumani huko milimani, na kitawi chake kuteremka Bondeni ndani ya kitambaa. Bibi hakusema uongo, wala vitabu havikusema uongo. Mwaka 1891 tu ndio haukuwa na mahali pa kukaa, tukaufuta.

Kuna wanaotuuliza kwa nini hatujaingia kwenye mawaridi ya kuuza nje kama wenzetu. Jibu ni fupi. Mashamba ya Naivasha nchini Kenya yako zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ya Arusha nayo yana ubaridi wake. Sisi ziwa letu liko kama mita 474 tu. Joto hili linafanya waridi la kusimama lifungue haraka na kumwaga majani ya ua kabla hujatafuta gari. Hata hili letu, miezi ya Oktoba na Novemba ua moja halimalizi siku nne. Linapendeza zaidi Juni hadi Agosti, usiku unapopoa.

Sare zimeshonwa. Zina kichala cha maua matano kifuani na neno "Bondeni" chini yake, bila mwaka.

Hadi tunapokabidhi ukurasa huu kwa mpiga chapa, kila mwanachama ana miche miwili nyumbani kwake juu ya tuta, ili mto ukiingia kwa mmoja usiwakute wote. Yule kijana mwenye nyumba ya tofali alikuja mwaka jana na mkewe. Mke alitaka mche. Tulimpa bila malipo, mweka hazina akaandika "zawadi", na mwenzetu mmoja akaenda naye kumwonyesha namna ya kuinua udongo. Walipofika, mke akachagua mahali mwenyewe: nyuma ya jiko jipya, hatua chache kutoka pale kifusi kilipokuwa.